Mtakatifu Albano na bustani ya Verulamium: je, pana uhusiano wa kweli?

Msharika wa Upanga

Salaam kwenu nyote. Mimi husali katika Kanisa la Anglikana la Mtakatifu Albano hapa Dar es Salaam, na jina la mtakatifu huyu nimelisikia tangu utotoni: shahidi wa kwanza wa Uingereza, aliyekatwa kichwa wakati nchi ile ilipokuwa jimbo la Dola ya Rumi. Binti yangu anasoma huko, na hivi karibuni alikwenda katika mji wa St Albans, kaskazini mwa London, kwa nia ya kuliona kaburi. Kaburi aliliona, lakini sehemu kubwa ya siku yake aliimaliza katika bustani ya umma iitwayo Verulamium Park, yenye eneo la ekari zaidi ya 100, ambamo mna ziwa, viwanja vya mpira, watoto wakiwalisha bata, na mabaki ya ukuta wa Kirumi katikati ya nyasi. Anasema kwamba humo ndani hakuona kitu cha kumkumbusha mtakatifu, isipokuwa mnara wa kanisa kuu uliokuwa ukionekana juu ya kilima ng'ambo ya mto.

Swali langu kwa wenye kuyafahamu mambo haya ni hili. Je, bustani hiyo ina uhusiano wowote na Mtakatifu Albano, au ni jirani tu wa kanisa lake, kama vile kiwanja cha maonyesho kinavyoweza kuwa jirani wa msikiti au wa soko? Na kama uhusiano upo, kwa nini kanisa limejengwa upande mmoja wa bonde na magofu ya mji wake yamebaki upande mwingine? Nauliza kwa sababu mwakani, Mungu akipenda, nitakwenda kumtembelea binti yangu, na nisingependa kupita mahali penye maana bila kujua kwamba pana maana.

Mzee wa Kumbukumbu

Ndugu Msharika, ahsante kwa swali zuri. Uhusiano upo, na nathubutu kusema ni wa ndani kuliko wageni wengi wanavyodhani, kwa kuwa bustani ile ndiyo mji wenyewe alioishi Albano, nalo kanisa kuu ndipo mahali alipouawa. Anayetazama kimoja bila kingine ameona nusu ya habari.

Tuanze na habari yenyewe kama alivyoiandika Beda, mtawa wa kaskazini mwa Uingereza aliyekamilisha historia yake ya Kanisa mwaka 731. Albano alikuwa bado mpagani alipompokea nyumbani kwake kasisi aliyekuwa akikimbia msako wa Wakristo. Alivutwa na sala na mikesha ya mgeni wake hata naye akaamini. Askari walipofika kumtafuta kasisi, Albano alivaa joho la mgeni wake na kujitokeza badala yake, akapelekwa mbele ya hakimu ambaye, kwa mujibu wa Beda, wakati huo alikuwa amesimama kwenye madhabahu akiitolea miungu yake sadaka. Hakimu alipogundua kwamba aliyeletwa siye, alimtaka Albano mwenyewe atoe sadaka. Albano akakataa, akapigwa, kisha akahukumiwa kukatwa kichwa. Kasisi yule waandishi wa karne ya 12 walimpa jina la Amphibalus, na hadi leo ana kaburi lake la kumbukumbu katika kanisa kuu.

Sasa angalia mwendo wa hukumu hiyo, kwa sababu ndipo jibu la swali lako lilipo. Warumi hawakuruhusu wafu kuzikwa ndani ya mji, na hukumu ya kifo nayo kwa desturi ilitekelezwa nje. Hivyo Albano alitolewa mjini akafikishwa kwenye mto, ambako daraja lilikuwa limejaa watu waliotoka kwenda kushuhudia, hata hakimu, asema Beda, akaachwa mjini bila mtumishi wa kumhudumia. Albano alisali, maji yakakauka, akavuka, akapanda kilima chenye mteremko mwororo kilichofunikwa na maua. Huko juu chemchemi ikabubujika miguuni pake, askari aliyepewa kazi ya kumkata alitupa upanga wake na kukataa, wakauawa wote wawili, na macho ya aliyelipiga pigo hilo yakaanguka chini pamoja na kichwa cha shahidi. Mtu aamini miujiza hiyo au asiiamini, ramani iliyomo ndani ya simulizi ni dhahiri: mji bondeni, mto, kilima ng'ambo. Ukisimama leo katika Verulamium Park ukatazama kaskazini-mashariki unaiona ramani hiyo yote kwa mtupo mmoja wa jicho.

Kuhusu swali lako la pili, kwamba kwa nini kanisa liko huku na magofu yako kule, jibu lake ndilo linalonivutia zaidi. Verulamium ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Kirumi katika kisiwa kile. Ulichomwa moto na majeshi ya Malkia Boudica, aliyewaasi Warumi, yapata mwaka 60 au 61, ukajengwa upya, ukawa na uwanja wa mikutano na soko, jengo kubwa la mahakama na biashara, ukumbi wa tamthilia, na baadaye ukuta wa mawe kuuzunguka. Utawala wa Rumi ulipokoma mwanzoni mwa karne ya 5, mji ulififia. Kwa kawaida mji wa namna hiyo, ulio kwenye barabara kuu na karibu na maji, ungefufuka palepale ulipokufa, watu wakajenga nyumba mpya juu ya misingi ya zamani, kama ilivyotokea London. Hapa haikuwa hivyo. Watu walivutwa na kaburi la kilimani. Tayari katika siku za Beda palikuwa na kanisa huko, naye anaandika kwamba wagonjwa walikuwa wakiponywa hapo. Mapokeo yanasema Mfalme Offa wa Mercia, mojawapo ya falme za Uingereza ya wakati huo, alianzisha abasia, yaani nyumba ya watawa, mwaka 793. Na mapokeo ya watawa hao yanaongeza kwamba Abate Ulsinus, katikati ya karne ya 10, alianzisha soko na kujenga makanisa matatu kwenye njia za kuingilia, ya Mtakatifu Mikaeli, Mtakatifu Petro na Mtakatifu Stefano, ili mahujaji wapokewe. Soko likivuta watu, na watu wakivuta nyumba, mji mpya ukakua kuuzunguka ukuta wa abasia, nao mji wa kale ukabaki mashamba na malisho.

Tena watawa hawakuuacha mji wa kale upumzike. Maabate wa kabla ya uvamizi wa Wanormani waliubomoa wakikusanya matofali na mawe, na Abate Paulo wa Caen alipoanza kujenga kanisa kubwa la abasia, ambalo leo ndilo kanisa kuu, mwaka 1077 aliyatumia. Mnara ule mwekundu alioutazama binti yako kutoka bustanini umejengwa kwa matofali ya Kirumi yaliyochukuliwa chini hapo alipokuwa amesimama. Mji uliomhukumu mtu kifo uling'olewa tofali kwa tofali ukapandishwa kilimani kumjengea kaburi. Sijui mfano mwingine ulio wazi kiasi hicho.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, bila shahidi pasingekuwa na bustani. Kama kaburi lisingeuvuta mji upande wa pili wa mto, bonde lile leo lingekuwa maduka na vituo vya mabasi. Ardhi ilibaki wazi mpaka mwaka 1929, ambapo halmashauri ya mji iliinunua kutoka kwa lodi mwenye milki hiyo, Earl wa Verulam, na kuigeuza kuwa bustani ya wananchi. Ziwa lilianza kuchimbwa mwaka huohuo, na muda mfupi baadaye wanaakiolojia Mortimer Wheeler na mkewe Tessa Wheeler wakafanya uchimbaji mkubwa wa kiakiolojia, ambao matokeo yake yanaonekana katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1939 pembezoni mwa bustani.

Nikitoka nje ya mada kidogo: mwanafalsafa Francis Bacon, ambaye familia yake ilimiliki ardhi ya Gorhambury jirani na hapo, alipewa cheo cha Baron Verulam na kisha cha Viscount St Alban, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Mikaeli. Mtu mmoja akabeba majina ya pande zote mbili za mto.

Mdadisi

Nimesoma maelezo ya Mzee wa Kumbukumbu kwa makini, na ninayaheshimu, lakini nadhani ametembea haraka kidogo juu ya daraja lililojaa watu. Beda aliandika zaidi ya miaka mia nne baada ya tukio, hata tukichukua tarehe ya karibu kuliko zote, nazo tarehe zenyewe zinapingana: wapo wanaosema mwaka 209 hivi, wapo wanaosema katikati ya karne ya 3, na Beda mwenyewe anaiweka katika mateso ya Wakristo chini ya Kaisari Diokletiano, yaani mwanzoni mwa karne ya 4. Gildas, mwandishi wa Kikristo aliyemtangulia Beda kwa zaidi ya karne moja, anautaja mto ule kuwa ni Thames, mto wa London, ambao hauko Verulamium kabisa. Constantius, aliyeandika maisha ya Germanus, askofu wa Auxerre, anasema kwamba askofu huyo alilizuru kaburi la Albano alipokuja Uingereza mwaka 429, lakini hautaji mji ambamo kaburi lilikuwamo.

Na kuhusu mto, niruhusuni niseme bila kumkwaza mtu. Ver, mto unaopita Verulamium, ni mdogo. Mtu mzima angekunja suruali akavuka bila kuhitaji muujiza, na sehemu zake za juu hukauka zenyewe katika miaka yenye mvua haba. Beda anausimulia kana kwamba una mkondo mkali. Sisemi kwamba Albano hakuwapo. Nasema kwamba bustani inathibitisha kuwapo kwa mji wa Kirumi, na hilo halina ubishi, ila haithibitishi kwamba mji huo ndio wa Albano.

Mzee wa Kumbukumbu

Ndugu Mdadisi, hoja zako ni za haki, na ni vyema Msharika akazisikia kabla ya safari. Hakuna jiwe lililochimbuliwa bustanini lenye jina la Albano, na atakayemwambia mgeni kwamba nyumba fulani ndiyo aliyofichwa kasisi atakuwa anamuuzia maneno. Hata hivyo ningependa mambo mawili yawekwe kwenye mizani.

La kwanza ni kwamba Gildas, pamoja na kuutaja Thames, anamwita Albano mtu wa Verulamium. Kosa lake, kama ni kosa, ni la jiografia ya mto wala si la mji. Naye Germanus, kwa maelezo hayohayo ya Constantius, alilifungua kaburi akaweka ndani yake masalia ya mitume, na akaondoka na udongo wa mahali pale palipomwagika damu. Maana yake ni kwamba mwaka 429, wakati bado walikuwapo watu ambao babu zao waliishi chini ya Rumi, palikuwa na mahali pamoja palipojulikana na kutembelewa. Pengo kati ya mwaka huo na Beda si pengo la ukimya.

La pili ni ardhi. Uchimbaji uliofanyika kusini mwa kanisa kuu katika karne ya 20 ulikuta makaburi ya zama za Kirumi. Hilo linaafikiana na desturi ya kuzika nje ya mji, na linaonyesha kwamba kilima kilikuwa mahali pa wafu kabla hakijawa mahali pa abasia. Kwa habari ya ukubwa wa mto, tusiupime kwa macho ya leo: watawa na wasagaji nafaka waliugeuza mkondo wake kwa ajili ya vinu na mabwawa ya samaki kwa karne nyingi, na ziwa la bustani nalo ni kazi ya mikono ya watu wa jana tu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna kipimo kizuri cha kulinganishia. Mashahidi wa Uganda, 22 Wakatoliki na 23 Waanglikana, waliuawa kati ya 1885 na 1887, wengi wao Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na wapo walioshuhudia kwa macho wakasimulia, wakaandikwa wakiwa hai. Albano hana ushahidi wa namna hiyo. Alichonacho ni mahali palipoheshimiwa mfululizo, kwa kadiri tunavyoweza kufuatilia, na mji uliohama kwa sababu ya heshima hiyo. Ninakubali kwamba hoja yangu inasimama juu ya kuhama huko kuliko juu ya muujiza wa mto.

Mdadisi

Hapo tumekutana. Kwamba heshima ya kaburi iliuhamisha mji, na kwamba kuhama kwa mji kuliiacha ardhi wazi, sina pingamizi nalo, kwa kuwa ni jambo linaloweza kuonekana hata kama Albano angekuwa na jina lingine.

Binti Bahari

Mimi naishi kusini mwa Uingereza, na mahali hapo napafahamu kwa miguu, kwa hiyo naomba niongeze ya msafiri. Dada au kaka Msharika (utanisamehe, jina halijaniambia), wageni wengi hushuka kituo cha treni, huenda moja kwa moja kanisani, kisha huteremka bustanini kupumzika na kula. Ningekushauri ufanye kinyume, uanzie mjini ukamalizie kaburini, kama simulizi linavyokwenda.

Anzia kanisa la Mtakatifu Mikaeli na makumbusho yaliyo karibu nalo. Kanisa hilo dogo limesimama juu ya jengo kubwa la utawala la mji wa Kirumi, na kama Albano alihukumiwa Verulamium, basi hukumu ilitolewa mahali hapo au hatua chache kutoka hapo. Ng'ambo ya barabara uko ukumbi wa tamthilia wa Kirumi, ambao hauko ndani ya bustani bali katika ardhi ya Gorhambury, na una kiingilio chake. Rudi kisha bustanini, ambako kuingia ni bure, utafute jengo dogo jeupe la kisasa katikati ya nyasi. Ndani yake imehifadhiwa sakafu ya mozaiki, papo hapo ilipotandazwa yapata mwaka 200, pamoja na njia za hewa ya moto zilizopitishwa chini yake ili wenye nyumba wasisikie baridi. Nami hukaa hapo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu, tarehe yoyote ya kifo cha Albano utakayoichagua katika zile alizozitaja Mdadisi, sakafu ile ilikuwa tayari ipo, na watu waliomfahamu huenda waliikanyaga.

Ukitoka hapo shuka upande wa kusini uone kipande kirefu cha ukuta na alama za misingi ya lango la barabara ya kwenda London, kisha fuata njia ya kando ya ziwa hadi daraja dogo la mto Ver. Mbele yake kuna baa ya kale sana, na baada yake barabara nyembamba inayopanda hadi mlango wa magharibi wa kanisa kuu. Kupanda huko ni kwa dakika chache tu na hakumchoshi hata mzee, jambo linalolingana na maneno ya Beda kuhusu mteremko mwororo. Maua utayaona ukienda majira ya kiangazi.

Ndani ya kanisa usikimbilie madhabahu. Tembea taratibu, maana ukumbi wake mkuu ni mrefu kuliko wa kanisa kuu lingine lolote la Uingereza, mita 85 hivi, na kwenye ukuta wa mawe unaoukatiza ukumbi ule zimewekwa mwaka 2015 sanamu saba za mashahidi, Albano na Amphibalus wakiwa pamoja na Askofu Mkuu Óscar Romero wa El Salvador na Dietrich Bonhoeffer wa Ujerumani. Nyuma ya madhabahu kuu ndipo lilipo kaburi. Utakachokiona ni kazi ya mwaka 1308, iliyovunjwa wakati Mfalme Henry wa Nane alipoifunga abasia mwaka 1539, ikaunganishwa tena mwaka 1872 kutokana na vipande zaidi ya 2,000 vilivyopatikana vimetumika kuziba kuta. Kando yake kuna roshani ya mbao ambamo watawa walikesha kuwalinda mahujaji na kulilinda kaburi dhidi yao. Mfupa mmoja unaoaminiwa kuwa wa mtakatifu uliletwa kutoka Kanisa la Mtakatifu Pantaleon mjini Cologne mwaka 2002.

Msharika wa Upanga

Ahsanteni sana, ndugu zangu, na wewe Binti Bahari ujue kwamba unaongea na kaka. Nimeyanakili yote. Nina swali moja la mwisho: kama nitaweza kuchagua wakati, ni bora niende mwezi gani, na je, ile bustani ina nafasi yoyote katika sikukuu yenyewe?

Binti Bahari

Kaka, nenda Juni. Sikukuu ya Albano ni tarehe 22 Juni, na Jumamosi iliyo karibu na tarehe hiyo hufanyika maandamano ya mahujaji mitaani hadi kanisa kuu, wakiwa na vikaragosi vikubwa kuliko mtu: Albano, hakimu, askari, simba, malaika, na mnyongaji ambaye macho yake humtoka mbele ya umati huku watoto wakipiga kelele. Watoto wengine huvalishwa kama mawaridi mekundu. Maandamano hayaanzii bustanini. Hupita katikati ya mji wa leo, jambo ambalo mimi naliona kuwa ni fursa iliyopotea, baada ya haya yote aliyoyaeleza Mzee wa Kumbukumbu. Lakini hakuna anayekuzuia kuamka mapema ukatembea peke yako kutoka Mtakatifu Mikaeli hadi darajani kabla umati haujakusanyika. Treni ya kwenda huko unaweza kuipanda London katika kituo cha St Pancras, ambacho jina lake pia ni la shahidi, kijana wa Rumi, na safari huchukua dakika 20 hivi. Vaa viatu vya kutembelea, kwa sababu nyasi za bonde lile huwa na umande asubuhi hata wakati wa kiangazi.

Mzee wa Kumbukumbu

Nami naunga mkono Juni. Tena mpeleke binti yako kwenye ile sakafu ya mozaiki, kwa kuwa huenda mara ya kwanza aliupita mlango wa jengo hilo akidhani ni ofisi ya bustani.